Kizunguzungu kisichoisha baada ya mshtuko wa moyo: maswali ninayoulizwa kila siku

Baba yangu alipata mshtuko wa moyo mwaka 2022 hapa Tanga, akakimbizwa Dar es Salaam akazibuliwa mshipa na kuwekewa stenti moja (kijibomba cha waya kinachoshikilia mshipa ubaki wazi), akarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Tulishukuru sana. Wiki ya tatu kikaanza kizunguzungu, na kikakaa nasi miezi saba, vipimo vinarudi safi, kila mtu na neno lake, na mzee wa watu anashika ukuta kama mtoto anayeanza kutembea. Mimi si daktari, ni binti niliyekuwa nashika daftari na mashine ya presha. Tangu hapo majirani, ndugu, watu niliokaa nao kwenye mabenchi ya kliniki wananiuliza maswali yaleyale, ndo nikaona niyaandike yote hapa.

Kizunguzungu baada ya mshtuko wa moyo ni kawaida?

Kinawapata wengi, ndiyo. Sehemu ya msuli wa moyo imeumia, mtu kaanzishiwa dawa nne tano kwa wakati mmoja na nyingi kati ya hizo zinashusha presha au zinapunguza mapigo, halafu kalala kitandani siku kadhaa miguu imelegea. Mwili kuyumba wiki za mwanzo si ajabu. Ila jamani hilo neno "kawaida" lisiwafanye mnyamaze. Baba alinyamaza mwezi mzima kwa sababu mtu alimwambia ni kawaida, sisi tukaja kujua siku alipoanguka chooni. Kikipita wiki kadhaa hakipungui, au kikikuangusha hata mara moja, lazima chanzo kitafutwe.

Wakati gani nisisubiri hata dakika?

Kizunguzungu kikija na kifua kubana, jasho la baridi, pumzi kukata, au maumivu yanayopanda kwenye taya, mgongo au mkono. Ukizimia kabisa, hata kwa sekunde chache, hasa ukizimia ukiwa umekaa au ukiwa kwenye kazi ya nguvu na bila dalili yoyote kabla. Hapo usiseme "nimeshaamka niko poa", maana moyo uliojeruhiwa unaweza kwenda mbio vibaya au kusimama kidogo na kurudi, na mara ya pili usirudi. Moyo ukidunda kwa kasi ya ajabu afu macho yakaingia giza, hivyohivyo. Mdomo kwenda upande, mkono au mguu mmoja kukosa nguvu, maneno kukoroganyika, ghafla kuona vitu viwiliviwili, hicho ni kiharusi mpaka hospitali iseme vinginevyo. Choo cheusi kinachonata kama lami, au kutapika damu, maana yake unavuja ndani.

Na mgonjwa wa namna hiyo msimpakie bodaboda. Anaweza kuzimia akiwa nyuma. Tafuteni bajaji au gari, mmoja akae naye amshike.

Dokta kaniuliza "kizunguzungu cha namna gani?" sikuwa na jibu. Kwani viko vingapi?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote kwa sababu ndipo sisi tulipopoteza muda. Kiswahili chetu neno ni hilohilo moja, kizunguzungu, tunalitumia kwa mambo ambayo mwilini hayana undugu kabisa.

Kuna kile ambacho chumba kinazunguka kweli, ukifumba macho bado kinazunguka, na kichefuchefu juu. Hicho mara nyingi ni cha sikio la ndani. Kuna kile cha kichwa kuwa chepesi, macho yanaingia giza, nyotanyota, unahisi unataka kuanguka lakini hakuna kinachozunguka. Hicho kinahusu damu kutofika vizuri kichwani, yaani presha, mapigo, upungufu wa damu, maji mwilini. Kuna kile ambacho kichwa kiko sawa kabisa ila miguu ndo haiaminiki, unayumba, hasa gizani, wenye kisukari cha muda mrefu wanakijua kwa sababu neva za nyayo zimekufa ganzi. Na kuna kile cha kuelea, kama vile umeshuka kwenye boti sasa hivi na ardhi bado inacheza, kipo asubuhi mpaka jioni, hakikuangushi lakini hakikuachi.

Baba alikuwa anasema "naona kizunguzungu" basi, miezi yote. Siku nilipomwambia "Baba, usilitaje hilo neno, nieleze tu unachokiona", akasema: "Mwanangu, nikisimama macho yanakuwa kama mtu kazima taa polepole." Sentensi hiyo ilikuwa na habari zaidi ya karatasi zote tulizokuwa nazo kwenye bahasha. Na baadaye ikaja kujulikana alikuwa navyo viwili kwa pamoja, hicho cha taa na kile cha kuelea, ndo maana tukikigusa kimoja kingine kinabaki tunadhani dawa haijafanya kazi.

Vipimo vyote safi. ECG safi, eko safi, kichwa nacho safi. Sasa mbona bado naumwa?

Kwa sababu ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, inachukua sekunde kama 10 tu za maisha yako, ukiwa umelala, umetulia. Kizunguzungu chako kinakuja saa tatu asubuhi ukiinuka kwenye jamvi. Eko nayo, ile ultrasound ya moyo, inaonyesha moyo unavyosukuma, haionyeshi presha inafanya nini unaposimama. Picha ya kichwa haioni vijiwe vya sikioni. Kila kipimo kinajibu swali lake, kama swali lako halijaulizwa jibu litakuwa safi.

Ndo maana kuna mashine ya Holter, unavaa nyaya kifuani saa 24 au zaidi unaenda nayo nyumbani, inarekodi kila pigo, nawe unaandika saa ulizosikia kizunguzungu ili walinganishe. Hiyo inakamata moyo unaokwenda taratibu mno, au unaoruka, au unaokwenda mbio usiku. Kwa Tanzania ulizia kwenye hospitali kubwa zenye kitengo cha moyo, kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili au Benjamin Mkapa kule Dodoma. Na kama eko yako ilionyesha moyo unasukuma kwa asilimia 35 au chini ya hapo, kizunguzungu chako ni cha kubebwa kwa uzito zaidi, muulize dokta wako waziwazi kuhusu hatari ya mapigo kuvurugika.

Vipimo vingine ni rahisi ila vinasahaulika: wingi wa damu, sukari, chumvichumvi za mwilini hasa sodiamu na potasiamu, figo, na tezi ya shingo. Aspirini na klopidogreli, zile dawa za kuzuia damu isigande, kwa pamoja vinaweza kukufanya uvuje tumboni kidogokidogo kwa wiki nyingi bila kuona chochote, damu inashuka, kizunguzungu kinapanda.

Nipimeje presha nyumbani ili ionyeshe kitu?

Wengi wanapima wakiwa wamekaa tu kwenye kochi, wanapata 130/80, wanasema presha nzuri. Presha ya kukaa haikusaidii wewe ambaye tatizo lako ni kusimama.

Fanya hivi. Lala chali dakika 5 bila kuongea na mtu. Pima, andika. Simama, mashine ikiwa bado mkononi, na mtu awepo karibu akushike. Pima baada ya dakika 1, pima tena baada ya dakika 3. Ile namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini ikashuka kwa 10 au zaidi, hiyo ndo presha ya kushuka ukisimama, na madaktari wana jina lake na matibabu yake. Ukianza kuona giza kaa chini, usijikaze eti umalize kipimo. Fanya asubuhi kabla ya dawa, na saa moja au mbili baada ya dawa.

Baba asubuhi ile niliyoikumbuka mpaka leo: amelala 142/84. Dakika ya kwanza 118/70. Dakika ya tatu 112/66, na mkono wake wa kushoto umenishika bega kwa nguvu mpaka nikahisi kucha. Nilikaa kitandani nikalia, si kwa huzuni, nilifurahi kwa sababu kumbe kipo! Miezi yote watu wanamwambia hana kitu.

Andika na mapigo pia, mashine nyingi zinaonyesha. Yakiwa chini ya 50 na una kizunguzungu, mpigie dokta wako siku hiyohiyo.

Dawa zipi za moyo zinaleta kizunguzungu? Naweza kuziacha nione?

Usiache. Naliweka hili mbele kabla ya yote. Mwenye stenti akiacha aspirini na klopidogreli au tikagrelo kienyeji, hasa ndani ya mwaka wa kwanza, damu inaweza kuganda ndani ya stenti na ukapata mshtuko mwingine mkubwa kuliko wa kwanza. Na zile za kutuliza mapigo kama bisoprololi, kavedilo na atenolo ukiziacha ghafla moyo unaweza kuruka vibaya. Kizunguzungu kinaudhi lakini kuziacha kienyeji kunaweza kukuua.

Sasa zinazochangia: hizo za mapigo, zile za presha kama enalaprili, ramiprili, losatani, zile za kukojoa kama furosemidi na spironolaktoni, na zile za kutanua mishipa zenye naitreti, pamoja na kile kidonge cha chini ya ulimi. Hicho cha chini ya ulimi kitumie umekaa, sio umesimama.

Lakini ngoja nikwambie yaliyotukuta. Kwenye kadi ya moyo ya baba dawa ziliandikwa vizuri, kila dokta akiitazama anasema dozi ziko sawa. Mpaka siku moja dokta mmoja kijana akasema "mama, nenda nyumbani leta dawa zote anazomeza, zote, hata za macho". Nikaleta kwenye mfuko, nikamwaga mezani. Akazipanga mstari kama mtu anayecheza karata, akachukua boksi moja la pembeni akauliza na hii nani kampa? Ilikuwa tamsulosini, ya tezi dume, baba alipewa hospitali nyingine kabisa miaka miwili kabla ya moyo, na hakuna siku alimtajia dokta wa moyo kwa sababu kwake yeye tezi ni habari ya faragha, na haihusiani na moyo. Ile dawa inalegeza misuli ya njia ya mkojo, lakini inalegeza na mishipa ya damu. Kabla ya moyo mwili uliivumilia. Baada ya kuongezewa bisoprololi na enalaprili na furosemidi, na zote anazimeza kwa chai moja saa moja na nusu asubuhi, ikifika saa tatu presha inazama.

Hakuna dawa ya moyo iliyoachwa. Dokta alipunguza ile ya kukojoa kwa sababu miguu haikuwa imevimba tena, akahamisha tamsulosini usiku baada ya chakula, na enalaprili akaigawanya. Ndani ya siku kumi ile taa ikaacha kuzimika. Sisemi na wewe ni hivyohivyo, usihamishe kitu mwenyewe. Nasema zimwage zote mezani, za tezi, za usingizi, za mzio, za mgongo, za kienyeji, mbele ya mtu anayezijua.

Nimeambiwa ni malaria, mara taifodi, mara UTI. Nifanyeje?

Pima kwanza. Baba alimezeshwa dozi tatu za dawa mseto ndani ya miezi minne na mara mbili kati ya hizo hakutobolewa hata kidole. Kipimo cha malaria ni dakika 15 au 20 tu, kikisema huna basi huna, tafuta kingine. Hii ina maana zaidi kwa mtu wa moyo kwa sababu baadhi ya dawa za malaria na baadhi ya antibaotiki zinagusa umeme wa moyo, na kwinini yenyewe inashusha sukari na kuvumisha masikio, yaani unatibu kizunguzungu kwa kitu kinacholeta kizunguzungu. Kila mara mwambie anayekuandikia: "mimi ni mgonjwa wa moyo, dawa zangu ni hizi".

Na vile vidonge vya kizunguzungu vya duka la dawa?

Sinarizini, betahistini, proklopirazini. Kwa kizunguzungu cha kuzunguka kinachokuja ghafla na kutapika, siku mbili tatu vinasaidia. Tatizo watu wanavimeza miezi. Ubongo una uwezo wa kujizoesha na kujirekebisha, ukiutia usingizi kila siku hauzoei, unabaki palepale. Kwa wazee sinarizini na proklopirazini zikitumika muda mrefu zinaweza kuleta kutetemeka na kukakamaa kama mtu mwenye Parkinson. Na kama kizunguzungu chako ni cha presha kushuka, havigusi chanzo kabisa, na vingine vinakuongezea usingizi ili uanguke vizuri zaidi. Jirani yetu alikuwa akimpa baba kwa mapenzi mema kabisa. Tulimshukuru tukaviweka kabatini.

Presha ikishuka ninywe ORS, au chumvi, au soda?

Kwa mtu mwenye afya, sawa. Kwa mtu ambaye moyo wake hausukumi vizuri, chumvi na maji mengi vinakwenda kwenye mapafu na miguu, unaweza kuamka usiku huwezi kupumua. Muulize dokta wako "naruhusiwa maji kiasi gani kwa siku?" ili ujue namba yako. Ukisikia giza linakuja lala chini, nyanyua miguu juu ya mto au kiti. Haina gharama na inafanya kazi papo hapo. Tatizo la kuhara au kutapika ni jingine, hapo mpigie dokta mapema maana za kukojoa na za presha huenda zikahitaji kusimamishwa kwa muda.

Nitajuaje kama ni sikio?

Ukigeuka kitandani, ukitazama juu kuchukua kitu kabatini au ukiinama kuokota, chumba kinazunguka kwa nguvu chini ya dakika moja kisha kinatulia, ukitulia huna kitu. Ndani ya sikio kuna vijiwe vidogo sana vya chokaa, vikitoka mahali pake vikaingia kwenye mirija ya usawa vinaudanganya ubongo. Dawa yake si kidonge, ni kugeuzwa kichwa kwa mpangilio maalumu, kunaitwa Epley, anafanya dokta wa masikio au mtu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo), dakika chache, na wengi wanapona kwa mara moja au mbili. Mtu akiwa kalala siku nyingi kitandani, kama baada ya mshtuko wa moyo, hivyo vijiwe huweza kutoka. Waambie wanaokutibu una stenti na shingo yako ikoje kabla hawajaanza.

Wananiambia ni mawazo tu. Ni kweli?

Hili linaniuma. Kwanza "tu" ya nini? Mtu kaona kifo kwa macho yake. Baba yangu ni mtu wa bandarini, kabeba mizigo, hajawahi kuogopa kitu, lakini baada ya ule usiku kila moyo ukidunda vibaya anaweka kiganja kifuani na kunyamaza, na ukimuuliza anasema hamna kitu. Hofu inafanya mtu apumue harakaharaka bila kujijua, hewa chafu inapungua kupita kiasi kwenye damu, vidole vinachonyota, kichwa kinakuwa chepesi, anadhani moyo umerudi tena, hofu inazidi. Hicho ni kizunguzungu cha kweli, kinapimika. Sonona nayo inawapata wengi baada ya mshtuko wa moyo na inastahili kutibiwa kama presha inavyotibiwa.

Lakini kuwa na hofu hakuondoi uwezekano wa kuwa na kitu kingine. Baba alikuwa na hofu na presha inazama, vyote. Anayekwambia ni mawazo bila kukupima presha ukiwa umesimama bado hajamaliza kazi yake, rudi, au nenda kwingine.

Nini hiki cha kuelea kisichoisha, kama niko kwenye boti?

Mwaka 2017 wataalamu wa masikio na usawa wa dunia walikubaliana vigezo vya tatizo ambalo kwa Kiswahili halijapata jina. Ni kizunguzungu au kuyumba kunakokuwepo siku nyingi kwa miezi 3 au zaidi, kunazidi ukisimama, ukitembea, au ukiwa mahali pa vitu vingi vinavyotembea machoni. Kinaanza baada ya kitu kilichotikisa usawa au kilichotisha, na mshtuko wa moyo unaweza kuwa hicho kitu. Tatizo la kwanza linaondoka ila ubongo unabaki kwenye tahadhari, unalinda kila hatua kama uko kwenye ngazi isiyo na mkono.

Ndicho kilichobaki kwa baba baada ya presha kukaa sawa. Nyumbani mzima, ukimpeleka soko la Mgandini, zile kanga zinazoning'inia, matoroli, watu wanapita huku na huku, anasimama katikati kama kapigiliwa msumari. Tulidhani presha, tukapima palepale kwenye kiti cha muuza nguo: 128/76. Presha ilikuwa sawa kabisa.

Matibabu yake ni mazoezi ya usawa, kuzungumza na mtu wa saikolojia, na kwa wengine dawa ya kundi la za sonona kwa dozi ndogo. Sertralini ndo iliyochunguzwa zaidi kwa wenye moyo, ila ikichanganyika na aspirini na klopidogreli inaongeza uwezekano wa kuvuja damu, kwa hiyo iandikwe na dokta anayejua habari yako yote. Baba hakuhitaji dawa. Mtu wa fiziotherapia alimpa zoezi la kunyoosha mkono, kutazama kidole gumba bila kukiacha, huku anageuza kichwa kushoto kulia, mwanzo sekunde 20 akiwa amekaa, baadaye dakika nzima akiwa amesimama. Kisha kutembea, kwanza barazani, kisha mpaka kwa muuza mkaa, kisha msikitini. Siku za mwanzo kizunguzungu kinazidi kidogo, aliambiwa mapema kwamba ndo ubongo unajifunza, akavumilia. Ingekuwa kifua kinabana au pumzi inakata asingevumilia, angesimama.

Kuamka usiku, bafuni, na kuswali je?

Hapa ndo watu wanavunjika nyonga. Kabla ya kusimama kaa ukingoni mwa kitanda dakika moja mbili, pandisha na shusha nyayo mara 30, kunja ngumi na kukunjua, ndo usimame ukiwa umeshika kitu. Usiku weka kopo la kukojolea karibu na kitanda, hasa ukiwa unatumia dawa ya tezi au ya kukojoa. Baba alikataa kwa aibu mpaka mama alipomwambia "bora kopo kuliko machela", akakubali. Choo cha kuchuchumaa ni kibaya kwa mtu wa presha kushuka, tulinunua kiti cha plastiki tukakitoboa katikati. Maji ya kuoga yasiwe ya moto sana, na usifunge mlango kwa komeo.

Kwenye swala hatari iko pale unapotoka kwenye sijda kwenda kusimama. Mgonjwa anaruhusiwa kuswali amekaa, hilo halina shaka, na kiti safu ya nyuma hakipunguzi kitu. Udhu chukua umekaa.

Na chakula kingi kwa wakati mmoja kinashusha presha pia, damu inakimbilia tumboni. Ubwabwa wa shughuli kula nusu, kaa, ndo uinuke.

Ramadhani nifunge?

Mgonjwa kapewa ruhusa ndani ya Qur'ani, Sura ya Pili, usiione kama kushindwa. Aliyepata mshtuko karibuni, au presha inayozama, au anayetumia dawa za kukojoa, kukaa bila maji saa kumi na tatu kwenye joto la Tanga ni kujiangusha mwenyewe. Ongea na dokta wiki kadhaa kabla, sio usiku wa mwezi kuandama.

Nina kisukari pia. Kuna la ziada?

Pima sukari kila kizunguzungu kinapokuja. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L) kunywa kitu cha sukari papo hapo, pima tena baada ya dakika 15. Kumbuka dawa za mapigo zinaficha kutetemeka na moyo kwenda mbio, zile dalili ulizozoea huenda usizione, jasho pekee ndo linabaki kukuambia.

Naweza kuendesha gari au pikipiki?

Mpaka chanzo kijulikane, hapana. Wala kupanda minazi, wala juu ya paa, wala kuogelea peke yako.

Na tendo la ndoa?

Wanaume wananiuliza kupitia wake zao. Ukiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kifua kubana wala pumzi kukata, kwa wengi inaruhusiwa baada ya wiki kadhaa, hakikisha na dokta. Ila dawa za nguvu, sildenafili na wenzake, ukichanganya na vidonge vya naitreti presha inaweza kuporomoka mpaka kufa. Na zile poda na asali na vumbi za mitaani, nyingi za aina hiyo zikipimwa maabara zinakutwa na sildenafili ndani bila kuandikwa. Usiguse.

Mitishamba?

Rozela, kitunguu swaumu kilichosagwa, mlonge, vinaweza kushusha presha, na kitunguu swaumu kingi kinaongeza wepesi wa kuvuja damu ukiwa kwenye aspirini. Kwenye mboga sawa. Kwa kikombe kila asubuhi juu ya dawa nne, sema kwa dokta. Hatagomba, na akigomba bado kajua.

Kliniki dokta ana dakika tano tu. Niseme nini?

Usianze na historia tangu siku ya ugonjwa. Mpe karatasi moja: kizunguzungu kinakuja saa ngapi, unafanya nini, kinakaa muda gani, unaona nini (bila kutaja neno kizunguzungu), presha ya kulala na kusimama ya siku saba, na dawa zote na saa unazomeza. Sisi tulibeba daftari la shule la kurasa 48, tukalifunga kwa raba na kalamu. Dokta alilisoma dakika mbili, akageuza kurasa nyuma, akasema "mbona yote saa tatu?" Miezi saba, hakuna aliyekuwa ameliona hilo, hata mimi niliyeandika.

Mzee amepona?

Kiasi kikubwa. Siku akilala vibaya au joto likizidi bado anaelea kidogo, anajua, anakaa, anasubiri. Mgandini anakwenda asubuhi na mapema kabla watu hawajajaa, ana bakora ambayo alikataa kuishika mwaka mzima na sasa hataki mtu aiguse. Presha tunapima Jumapili tu. Kliniki yake nyingine ni mwezi ujao, na lile boksi la tezi sasa limeandikwa kwenye kadi ya moyo, kwa wino mwekundu.